Jumapili Tatu za Dada Yangu

Je, dada yangu anaelewa maana ya kuolewa? Swali hilo lilininyima usingizi karibu wiki mbili, na ubaya wake ni kwamba jibu lilingojwa kutoka kwangu. Padre aliniambia wazi. Tangazo la kwanza la ndoa, kati ya matatu yanayosomwa Jumapili tatu mfululizo, lilikuwa limekwisha kusomwa kanisani, la pili lilikuwa njiani, na kabla ya la tatu alitaka neno langu. Nikisema dada anaelewa, atawafungisha ndoa. Nikisema haelewi, atasimamisha, na hakuna atakayeuliza tena.

Nilikuwa na miaka ishirini na minne. Nilikuwa nimerudi karibuni kutoka chuoni Uganda, cheti kimo ndani ya sanduku la bati, nangoja barua ya serikali ya kunipangia shule. Kijijini kwetu, mwendo wa saa mbili kwa miguu kutoka stesheni ya Goweko, mtu aliyesoma hadi huko alidhaniwa kujua kila kitu, tangu dawa ya ng'ombe anayeharisha hadi nia ya Gavana. Mimi nilijijua. Niliwahi kwenda mtaa wa Mtendeni, Tabora, kununua kalamu, nikasimama mbele ya kalamu mbili mpaka mwenye duka akaniuliza kama naumwa.

Dada alinizidi miaka saba. Alichelewa kutembea, alichelewa kusema, na alipopelekwa shule ya misheni, mwaka haukwisha mwalimu akamrudisha kwa mama na ubao wake mkononi, akasema mtoto ni mpole lakini hashiki. Alihesabu mpaka vidole vilipokwisha. Kwake siku zilikuwa za aina mbili, Jumapili na isiyo Jumapili. Ukimtuma mambo matatu kwa pamoja, alifanya la mwisho tu. Watu walimwita zuzu, wachache kwa ukali, wengi kwa mazoea, kama vile mtu anavyoitwa mfupi. Lakini mvua zilipoanza na uyoga ukatoka msituni, wanawake hao hao walimfuata nyuma na vikapu vyao, na hakuna aliyepika uyoga ambao dada hajautazama.

Mchumba wake alikuwa mchota maji wa misheni. Mama yake alikufa yeye akiwa mdogo, ndugu zake walikuwa Nzega na hawakuwahi kuja kumwona, akalelewa na mapadre. Akili yake nayo ilikwenda polepole. Maneno yalimtoka moja moja, kama mtu anayevuka mto akitafuta jiwe la kukanyaga. Hata hivyo kila siku isiyo Jumapili kengele ya alfajiri ilimkuta kisimani. Mwaka mmoja kabla ya mambo haya alijijengea nyumba ya udongo ukingoni mwa shamba la misheni, kando ya njia ya zamani ya wapagazi inayokwenda Tabora. Waliopita walicheka jinsi miti yake ilivyopinda. Masika yakaja, yakaondoka, nyumba ikabaki imesimama.

Kwetu mwanamume haendi kuposa mwenyewe. Humtuma mshenga, mtu mzima mwenye ulimi, naye huja na jembe jipya kuwa alama ya neno aliloleta. Mchota maji alijua habari ya jembe tu. Asubuhi moja aliingia uani kwetu na jembe begani, akamwamkia baba mkubwa, akaliweka chini mbele ya miguu yake. Baba mkubwa, ambaye ndiye aliyesimamia nyumba yetu tangu baba afariki, alimuuliza jembe ni la nani. Akasema la kwenu. La nini? Akanyoosha kidole kumwelekea dada, aliyekuwa anatwanga karanga. Shangazi alicheka mpaka akashika kinu. Baba mkubwa hakuwa mkali, ila alipenda desturi iende inavyokwenda, akamweleza kwamba posa haiji hivyo. Arudi na mtu wa kumsemea, mtu anayemjua vizuri.

Kesho yake alirudi na jembe lile lile. Nyuma yake alikuja dada. Alikuwa ametoka kwa mlango wa nyuma, akazunguka mashamba, ili aingie kwa njia ya wageni.

"Mtu wa kunisemea," alisema mchota maji. "Ananijua vizuri."

Baba mkubwa alimtazama dada. "Mshenga ni wewe?"

"Ndiyo."

"Haya, mshenga. Sema."

"Anataka kunioa," alisema dada. "Na mimi nataka. Jembe ni zuri, nimelijaribu."

Baba mkubwa alicheka mpaka akafuta macho kwa ncha ya shuka. Kisha akaacha kucheka, kwa sababu sharti alilitoa mwenyewe na sharti lilikuwa limetimizwa. Alilipokea jembe. Lakini aliongeza lake: wataoana, ila watakaa hapa hapa uani kwetu, kwenye kibanda nyuma ya ghala, na chakula chao kitapikwa na mama.

"Hapana," alisema dada. "Nataka jiko langu."

Nilikuwa sijapata kumsikia akimwambia baba mkubwa hapana. Alilitamka bila kiburi, kama mtu anayekataa kuongezewa chumvi. Baba mkubwa aliniangalia mimi. Wewe ndiye uliyesoma, alisema, tazama jambo hili.

Nilifanya nilichofundishwa kufanya. Nilichukua daftari, nikapiga mstari katikati ya ukurasa, nikaandika upande mmoja yanayofaa na upande wa pili yasiyofaa. Upande wa pili ulijaa upesi: moto, homa, njaa ya miezi ya mwisho ya kiangazi, walaghai, mtoto. Moto niliupigia mstari chini mara mbili. Upande wa kwanza niliandika "anataka", nikaona neno limekaa peke yake, nikaona haya kwa niaba yake.

Tangazo la kwanza liliposomwa, Padre alituita ofisini kwake siku ya pili yake ili awaulize wachumba maswali, kama alivyowauliza wote. Hapo ndipo nilipokosea. Nilijua maswali yake yanavyokuwa, kwa hiyo tangu siku tatu nyuma nilimfundisha dada majibu kwa utaratibu wa shule: mimi nauliza, yeye anajibu, tunarudia. Unataka kuolewa na mtu huyu? Ndiyo. Kuna aliyekulazimisha? Hakuna. Mtaishi pamoja mpaka lini? Hadi kifo. Mkipewa watoto mtawapokeaje? Kwa furaha. Aliyashika yote manne kwa mfuatano, kama hatua za ngoma, nami nilijiona mwalimu wa kweli.

Padre alikuwa Mzungu mzee, mwenye huruma. Alimwona dada ametulia kwa woga, akaanza kwa kumuuliza kama amekula.

"Ndiyo," alisema dada.

Unataka kuolewa na mtu huyu?

"Hakuna."

Kuna aliyekulazimisha?

"Hadi kifo."

Padre aliweka kalamu chini. Dada, akiona bado jibu moja halijatumika, akalitoa bila kungoja: "Kwa furaha." Mchota maji alisogeza kigoda chake mpaka kikagusana na cha dada.

Padre aliwaomba watoke, akanibakiza. "Nimesikia sauti yako, mwalimu," aliniambia. "Yake sijaisikia, na sasa sijui nitaisikiaje. Wewe ni ndugu yake. Niambie wewe kama anaelewa." Nikaomba muda. Ndipo akanipa mpaka kabla ya tangazo la tatu.

Njiani dada alitembea mbele yangu, jambo asilozoea. Nilipomfikia alisema, bila kugeuka, kwamba nimempa maneno mengi na yake yakakosa pa kukaa.

Jumapili ya pili tangazo lilisomwa tena, na niliona shingo zikigeuka. Baada ya misa jirani mmoja alinivuta kando akaniuliza kwa sauti ya chini kama nimefikiria watoto wa watu wale watakuwaje. Baba mkubwa alisema hapingi ndoa, anapinga nyumba ya kule mbali, na mbali kwake ilikuwa ni umbali wa kuita mtu akaitika. Mama alikuwa hajasema lolote siku zote hizo. Nilimkuta anachambua michembe, viazi vitamu vilivyokaushwa, nikamuuliza yeye anaonaje. Aliendelea kuchambua.

"Nimemlinda miaka thelathini na moja," alisema. "Kulinda nakujua. Kuacha sikujui. Usiniulize mimi."

Siku iliyofuata nilimfuata dada msituni alikokwenda kuokota uyoga. Nilisema nakwenda kusaidia kubeba kikapu, lakini ukweli ni kwamba nilikwenda kumpima. Tulitembea chini ya miti ya miyombo iliyolowa, yeye ameinama, mkono mmoja nyuma kiunoni. Kila nilichookota mimi alikitazama. Kimoja alikinyakua mkononi mwangu akakitupa mbali, akanifutia vidole kwa majani.

"Huu unaua," alisema.

Niliuliza amejuaje. Kwangu ulikuwa sawa na ule mwingine, rangi ile ile, shina lile lile. Alinitazama kwa huruma akaendelea na kazi. Niligeuza mazungumzo, nikaanza kumuuliza mambo kwa kupindapinda, habari ya wake za watu na waume zao, mpaka akasimama wima.

"Unaniuliza kama Padre. Uliza vizuri."

Basi niliuliza vizuri. Akiugua yule, utafanya nini? Nitampikia uji, alisema, na nitamwita mama. Ukiugua wewe? Atanipikia yeye. Uji anaujua, nimemfundisha, mara ya kwanza ulishika mavumbi. Uji haushiki mavumbi, nikamwambia. Wake ulishika, akasema, alikoroga kwa kijiti alichookota chini. Akacheka peke yake kwa kukumbuka.

Nikafika kwenye lile gumu. Na ukipata mtoto?

Aliokota uyoga mmoja, akautia kikapuni. Nilidhani swali limempita, nikajiandaa kulirudia kwa maneno mepesi zaidi.

"Nilikubeba wewe," alisema.

Nilijua, bila shaka. Kila mtu kwetu alijua kwamba mama alipokwenda shambani mimi nilibaki mgongoni kwa dada, msichana wa miaka saba au minane asiyeweza kuhesabu. Nilikuwa nimelijua jambo hilo maisha yangu yote bila kulifikiria, mimi ninayefikiria kila kitu.

"Ulikuwa unalia sana," aliendelea. "Hukuanguka hata siku moja."

Mtu mwingine angenyamaza hapo. Mimi nilimwambia kwamba siku zile mama alikuwepo, hata kama ni shambani, angeweza kuitwa.

"Mama atakuwepo," alisema dada, akishangaa. "Kwani anahama?"

Nikamuuliza, ikiwa ni hivyo, kwa nini asikae uani kwetu kama anavyotaka baba mkubwa, karibu zaidi na mama. Aliketi kwenye shina lililoanguka. Jibu hili lilimchukua muda, nami safari hii nilijizuia nisimsaidie. Alisema kwamba nyumbani, akiinjika chungu, kila mtu anakifunua. Mama anaonja. Shangazi anaonja, anaongeza maji. Mimi nikirudi likizo naonja. Hakuna anayengoja mpaka yeye aseme kimeiva.

"Sijapika hata siku moja," alisema. "Nakaa na moto tu."

Tulirudi na kikapu kimejaa. Nilikuwa nyuma yake, na nilikuwa nawaza habari ambayo sikuwa nimemwambia mtu. Kulikuwa na msichana, mwuguzi mwanafunzi huko Tabora mjini, ambaye kwa miaka miwili nilitaka kumpelekea barua. Nilikuwa nimeandika nyingi. Zote zilikuwa kwenye sanduku la bati, chini ya cheti. Padre angeniuliza mimi kama nataka kuoa, ningemwomba muda.

Siku mbili baadaye nilikwenda kuiona nyumba yenyewe. Mchota maji alinipokea mlangoni.

"Karibu, shemeji."

Neno lilinishtua, maana lilikuwa bado halijawa kweli, lakini niliingia. Hakuwa mtu wa kueleza, kwa hiyo alinionyesha. Alinionyesha kitanda cha kamba, kigingi cha kuning'iniza nguo zake, na kigingi kingine, kitupu, kilicho chini kidogo. Alinionyesha ukutani misumari sita na kamba ndogo iliyofungwa kwenye mmojawapo. Kila kengele ya alfajiri alihamisha kamba msumari mmoja, ikifika mwisho siku inayofuata haendi kisimani, anakwenda kanisani. Kisha akanipeleka nje kwenye jiko. Alilijenga mbali na nyumba, hatua nyingi kuliko nilivyoona kwa mtu yeyote, halina majani juu bali bati kuukuu alilopewa misheni, na mlangoni pake pameketi mtungi mkubwa umejaa pomoni.

Niliuliza, ni wa kunywa?

"Hapana. Moto ukiwaka vibaya, namwaga."

Daftari langu lilikuwa mfukoni. Neno moto, lenye mistari miwili chini yake, nililiandika bila kuja hapa kutazama.

Dada alifika wakati huo akitokea kwetu, wakaenda kisimani kuchota maji ya kujaza mtungi mwingine. Walibeba debe moja kati yao, limening'inia kwenye mti, dada mbele, mume mtarajiwa nyuma, majani mabichi yakielea juu ya maji yasimwagike. Walikuja kwa njia ile ya wapagazi, ambayo kwa miaka mingi imechimbika mpaka imekuwa kama mfereji, na aliyebeba nyuma haoni anapokanyaga. Nilijiambia watayumba penye mizizi. Dada alisema kitu kifupi, "mzizi", na mwenzake akainua mguu. Akasema "shimo", akainua tena. Hakuna tone lililotoka. Walipolitua debe, dada alimwambia kigingi chake kishushwe kidogo, hakifikii vizuri. Yule mtu akaingia ndani, akaking'oa pale pale.

Nisingependa kusema kwamba hofu iliniacha. Siku zilizobaki niliandika barua kwa Padre, kurasa tatu, nikieleza sababu za pande zote, na kila nilipofika mwisho nilikuwa nimerudi mwanzo. Lakini Jumamosi asubuhi nilipokuwa nainakili upya kwa mwandiko mzuri, niligundua kwamba kurasa zote tatu zilikuwa ni mimi ninayesema. Tangu mwanzo ni mimi tu niliyekuwa nasema. Niliyapa majibu yangu kinywa chake, na sasa nilikuwa nataka kuyapa tena, kwa wino.

Niliichana, nikamwita dada, tukampitia mchota maji, tukaenda misheni pamoja.

Nilimwambia Padre kwamba sikuja na neno. "Mimi sitamsemea," nilisema. "Muulize mwenyewe, mimi nisiwepo, na usimuulize hapa ofisini. Nenda naye popote anapofanya kazi, uliza polepole, moja kisha ungoje. Ungoje sana, Padre, kuliko utakavyodhani." Kisha nikaongeza la mwisho ambalo sikuwa nimelipanga, kwamba kama ni sharti aelewe kila kitu, basi asinifungishe ndoa hata mimi.

Padre alivaa kofia yake. Walikwenda watatu, kwa njia ya kisimani, nami nikakaa kwenye ngazi ya ofisi. Walichukua muda mrefu. Niliwaona kwa mbali wamesimama, dada anasema, Padre ameinamisha kichwa, wote wamenyamaza, dada anasema tena. Sikusikia hata neno moja, na mpaka leo sijamuuliza aliulizwa nini na alijibu nini. Waliporudi, Padre alipita mbele yangu akaingia ndani, akachukua kitabu cha matangazo, akakiweka juu ya meza, tayari kwa tangazo la kesho.

Ilibaki habari ya nyumba. Mchana huo huo nilimkuta baba mkubwa uani, mama na shangazi wakiwepo, nikasema mbele yao kwamba watakaa kwao, kule njiani, na kwamba mimi ndiye niliyeambiwa nilitazame jambo hili na nimelitazama. Baba mkubwa aliuliza, je, wakishindwa? Nikamwambia watatuita, sauti inafika. Alifikiri, kisha akatikisa mkono kama mtu anayefukuza inzi, akasema basi wapelekewe jiwe lao la kusagia, mwanamke haingii nyumba isiyo na jiwe.

Mama alitazama jiwe lake mwenyewe, lile alilolitumia tangu aolewe. Akalifuta unga kwa kiganja, akasogea pembeni.

Ni kazi ya wanawake kubeba jiwe la kusagia, na ni zito. Nililiinua, nikalitia begani juu ya gunia lililokunjwa, nikatoka nalo. Shangazi aliniuliza kama huko Uganda tulisomea hilo. Watoto wa jirani walinifuata wakiniita bibi arusi. Nilipumzika mara nne kabla sijafika. Dada alikuwa mlangoni, akanionyesha mahali pa kuliweka, nikaliweka. Akalitazama, akasema lisogee dirishani. Nikalisogeza. Akasema basi, hapo hapo, naweza kwenda.

Nikaenda.